Igizo la Askari wa Farasi wa Rejimenti ya 10: Kipi ni cha 1880, Kipi Kilikuja Baadaye

"Mimi ni mwalimu wa maigizo. Nimeandika igizo la saa moja kuhusu askari weusi wa Marekani, wale tuliozoea kuwasikia kwenye muziki kwa jina la Buffalo Soldiers. Nimechagua Rejimenti ya 10 ya wapanda farasi, Texas, mwaka 1880. Askari wangu wanavaa kofia nyeusi zenye kamba ya dhahabu, vitambaa vya njano shingoni na vyuma vya dhahabu visiginoni. Mbele yao kuna kibendera chekundu na cheupe. Kilele cha igizo ni shambulio la farasi, vitara, zile panga zilizopinda, vikiwa vimechomolewa. Mwenzangu anayesoma historia ameniambia nusu ya hayo ni makosa, ila hakusema nusu ipi. Mwigizaji mmoja anashikilia kwamba hawa walikuwa watumwa walioletwa kutoka Afrika wakapelekwa vitani kwa lazima. Mwingine anauliza kwa nini tuwasifu watu waliowapiga Waapache, wenyeji wa asili waliokuwa wakitetea nchi yao. Na hizo mila zao, je, bado zipo? Sina farasi, sina fedha nyingi, na sitaki kuwadanganya watazamaji. Nianzie wapi?"

Mwalimu, naona una mashaka mawili: unaogopa kukosea mavazi, na unaogopa kukosea haki. Yote mawili yana majibu. Nikutoe wasiwasi kwanza: mwaka uliouchagua ni mzuri kuliko unavyodhani, na kukosa farasi hakutakuangusha. Sehemu kubwa ya kile ambacho leo kinaitwa mila za askari wa farasi wa Marekani ilizaliwa baada ya farasi kuondoka jeshini. Maisha ya askari wa 1880 yalikuwa maji, mgongo wa farasi, na kupigana kwa miguu. Hayo unaweza kuyaonyesha jukwaani bila mnyama hata mmoja.

Tuanze na yule mwigizaji anayesema walikuwa watumwa kutoka Afrika. Anachanganya vizazi. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje mwaka 1808, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 1865. Rejimenti ya 10 iliundwa baada ya sheria ya Julai 1866, iliyoongeza rejimenti nne za wapanda farasi: ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Mbili za mwisho zilikuwa za askari weusi chini ya maofisa weupe. Wengi wa askari hao walizaliwa Marekani, na wengi kweli walizaliwa utumwani, lakini waliingia jeshini kwa hiari. Walisaini mkataba wa miaka 5, kwa mshahara wa dola 13 kwa mwezi, sawa na askari mweupe wa cheo kile kile. Kwa mtu aliyetoka kwenye shamba la pamba, ule ulikuwa mshahara wa uhakika, chakula, sare, na jambo moja ambalo watu husahau: kusoma. Sheria ile ile ilitaka kila rejimenti ya weusi iwe na kasisi ambaye sehemu ya kazi yake ni kuwafundisha askari kusoma na kuandika. Ukitaka tukio la utulivu katika igizo lako, mweke askari mwenye mikono iliyokakamaa kwa kazi za zizini akijifunza kuandika jina lake ili siku ya mshahara asisaini kwa alama ya msalaba.

Kwa hiyo usiwaonyeshe kama mateka. Onyesha watu waliochagua, ila waliochagua ndani ya nafasi finyu. Kiwango chao cha kutoroka jeshini kilikuwa chini sana kikilinganishwa na rejimenti za weupe, na sababu inaeleweka: askari mweupe akitoroka aliweza kupata kibarua mji wa pili, mweusi alikuwa na mahali pachache pa kwenda na mengi zaidi ya kupoteza.

Kuhusu jina la Buffalo Soldiers, jihadhari na mhusika atakayesimama na kueleza asili yake kwa uhakika. Lilitoka kwa wenyeji wa asili wa nyanda za Marekani, na maandishi ya miaka ya 1870 tayari yanalitaja. Kuna wanaosema ni kwa sababu nywele za askari zilifanana na manyoya ya kichwani mwa nyati wa huko, na wengine husema ni kwa sababu ya ukali wao vitani. Hakuna ushahidi wa kufunga mjadala huo. Tena jina hilo halionekani sana katika maandishi ya askari wenyewe wa enzi zile, kwa hiyo wasiitane hivyo kila sentensi. Wao walikuwa "Rejimenti ya 10". Kamanda wao wa kwanza, Kanali Benjamin Grierson, alikataa hata kuruhusu neno la rangi liongezwe mbele ya jina la rejimenti kwenye taarifa zake. Jambo moja dogo kwa anayechora mapambo ya jukwaa: nyati wa Marekani ana nundu kubwa mabegani, manyoya mazito kichwani na pembe fupi. Ukimchora mbogo wa Afrika, mwenye pembe pana zilizokutana kwenye paji la uso, umemchora mnyama mwingine kabisa.

Sasa mavazi. Kofia nyeusi ni sahihi, na hapo mwenzako akikubishia umwambie hivyo. Kofia ya kampeni ya mwaka 1876 ilikuwa nyeusi, ya manyoya yaliyoshindiliwa, yenye ukingo mpana. Ile ya rangi ya vumbi ilianza kutolewa mwaka 1883. Kinachokosea ni kamba ya dhahabu. Ondoa kamba, acha kofia tupu, kisha uichakaze. Inyunyizie maji, ikunjekunje, isugue vumbi na chumvi kidogo kuzunguka utepe wa ndani ili ionekane imeloa jasho la miezi. Kofia za jeshi za wakati ule zilipoteza umbo haraka kwa mvua na jua, na askari wengi walijinunulia kofia zao, kwa hiyo zisipofanana si kosa.

Kitambaa cha njano shingoni kiondoe. Hakikuwa sehemu ya sare. Kilienezwa na sinema. Askari aliyetaka kujikinga na vumbi alijinunulia leso ya rangi yoyote. Njano yenyewe ni rangi halisi ya askari wa farasi, lakini ilikaa kwingine: kwenye alama za vyeo mikononi na kwenye mstari wa pembeni wa suruali. Na hapa wengi huteleza. Mstari wa suruali ulikuwa wa wenye vyeo, mwembamba kwa koplo, mpana zaidi kwa sajini na ofisa. Askari wa kawaida hakuwa na mstari. Mpe kila mtu mstari na umempandisha cheo kila mtu. Koti liwe la buluu iliyoiva, la vifungo vitano mbele. Suruali ya buluu ya anga, iliyopauka magotini na kwenye makalio. Buti nyeusi za ngozi.

Vyuma vya visiginoni, vile vya kumhimiza farasi, kila mpanda farasi alikuwa navyo, vya shaba ya njano. Kwa macho ya mtazamaji vitang'aa kama dhahabu, na huna haja ya kuvibadilisha. Ila wakati ule vilikuwa chombo cha kazi, kama hatamu. Havikumaanisha kwamba mtu amefaulu mtihani au amerudi kutoka vitani. Maana hiyo ni ya juzi tu, na hapa ndipo nijibu swali lako kuhusu mila.

Jeshi la Marekani liliachana na farasi wa vita katika Vita Kuu ya Pili, na Rejimenti ya 10 kama kikosi cha farasi ilivunjwa mwaka 1944. Rais Truman akatoa amri ya kuondoa ubaguzi jeshini tarehe 26 Julai 1948. Majina ya rejimenti za zamani hayakufa. Yalihamishiwa kwenye vikosi vya upelelezi vya vifaru, magari ya kivita na helikopta. Mwaka 1964, huko Fort Benning, Luteni Kanali John B. Stockton aliwavalisha askari wake wa upelelezi wa angani kofia nyeusi za mtindo wa zamani ili wajione ni warithi wa wapanda farasi. Mwaka uliofuata kikosi chake kikabadilishwa jina kuwa Skwadroni ya 1 ya Rejimenti ya 9, yaani jina lile lile la ndugu wa rejimenti yako, kikaenda Vietnam na kofia zake. Kutoka hapo desturi ikasambaa. Leo ofisa huvaa kamba ya dhahabu iliyosokotwa na nyeusi, askari wa kawaida ya njano. Vyuma vya visiginoni vya fedha hupewa anayefaulu majaribio magumu ya siku kadhaa, ya usiku na mchana, na vya dhahabu ni vya aliyekuwa vitani na kikosi cha wapanda farasi.

Sisemi mila hizi ni za uongo. Ni za kweli, zina uzito kwa wanaozishika, na zilianzishwa na watu waliotaka kushikamana na waliowatangulia. Lakini ni za 1964 kuja mbele. Ukizivalisha kwa mtu wa 1880 unamvisha babu nguo za mjukuu wake.

Kibendera ni kosa ambalo mtu anayejua ataliona kabla pazia halijafunguka vizuri. Kile cha nyekundu juu na nyeupe chini, chenye mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu, kilitumika tangu miaka ya 1830 hadi 1862, kikaachwa, kikarudishwa 1885. Kati ya 1862 na 1885, na igizo lako liko katikati kabisa, kila kombania, yaani kikundi cha askari ndani ya rejimenti, ilibeba kibendera cha mkia uliogawanyika chenye milia na nyota za bendera ya taifa. Kukishona si kazi kubwa. Upande wa mti ni kama sentimita 69, urefu hadi ncha za mkia ni kama sentimita 104, na mpasuko wa mkia unaingia ndani kama sentimita 38. Nyota ziwe za rangi ya dhahabu, zimepangwa kwa duara mbili, moja ndani ya nyingine, na moja kila kona. Mti wake ni wa takriban mita 2.7, pima urefu wa dari ya jukwaa kabla hujaukata. Na kwa kuwa tumefika hapo: waite "kombania". Jina maalumu la kombania za wapanda farasi, "troop", lilianza rasmi mwaka 1883. Zilitambulika kwa herufi, A hadi M, na hakukuwa na J, kwa sababu kwa mwandiko wa mkono ilichanganywa na I.

Tufike kwenye kile kilele chako. Vitara na shambulio la farasi ndilo jambo ninalokuomba uliondoe kabisa, na si kwa sababu ya usahihi wa makumbusho tu. Katika kampeni za nyanda na majangwa, vitara kwa kawaida viliachwa kambini. Vilipiga kelele, viliongeza uzito, na havikuwa na kazi mbele ya adui asiyesimama mstari mmoja akakungoja. Silaha ya askari wako ni bunduki fupi aina ya Springfield ya 1873, ya risasi moja moja, inayoning'inia upande wa kulia kwa mkanda mpana wa ngozi uliopitishwa bega la kushoto. Na bastola ya Colt ya risasi 6 kiunoni.

Wafundishe waigizaji wako mwendo wa bunduki ile, maana ndiyo mdundo wa mapigano. Unavuta jogoo, ile nyundo ndogo ya bunduki, nusu. Unafungua kifuniko cha juu kwa kidole gumba, ganda la zamani linaruka. Unaingiza risasi, unafunga, unavuta jogoo kabisa, unalenga, unafyatua. Kila mara, tangu mwanzo. Na iwashinde mara moja. Maganda ya wakati ule yalikuwa ya shaba laini. Yakikaa kwenye mkanda wa ngozi yalifanya kutu ya kijani, na bunduki ikipata joto ganda liliweza kunasa ndani. Askari akalazimika kulichokonoa kwa kisu huku risasi zinapita juu. Tukio la mtu mmoja kuchokonoa ganda kwa kisu kwa sekunde 20 litawashika watazamaji kuliko vitara 10.

Sasa sikiliza jinsi walivyopigana, kwa sababu hili linatatua tatizo lako la farasi. Kabla ya kwenda popote, kombania ilijihesabu kwa wanne wanne: moja, mbili, tatu, nne. Amri ya kupigana kwa miguu ikitolewa, namba moja, mbili na tatu wanashuka na bunduki zao, wanasogea mbele na kutawanyika. Namba nne anabaki juu ya farasi wake, ameshika wa wenzake watatu, anawarudisha nyuma ya kilima au kwenye korongo. Maana yake ni kwamba kombania ya watu 40 ina bunduki 30 tu mbele. Na maana nyingine: adui mwerevu hawalengi wale 30, anawatafuta wale 10 wa nyuma, kwa sababu akiwafukuza farasi, askari wamebaki jangwani bila usafiri, bila maji, na risasi za akiba zimekwenda na matandiko.

Namba nne ndiye mhusika wako. Haoni vita. Anasikia tu. Amesimamia farasi wanne waliochanganyikiwa, kamba zinamkata viganja, na hawezi kuwaacha hata ndugu yake akilia upande wa pili wa kilima. Farasi wanaweza kuwa nje ya jukwaa kabisa; kamba nne zilizokazwa zikivutwa na watu wawili nyuma ya pazia, kwa nguvu isiyo sawa, zinatosha.

Nikae kidogo kwenye farasi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo siku ya askari ilipokwisha. Farasi wa jeshi alipangiwa kilo 5.4 hivi za nafaka na kilo 6.4 za majani makavu kwa siku. Alipigwa brashi asubuhi na jioni kwa mlio wa tarumbeta, na askari hakula kabla mnyama hajahudumiwa. Safarini mwendo mkuu ulikuwa wa kutembea, kama kilomita 6 kwa saa; kwa vipindi walikwenda mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole, kama kilomita 13 kwa saa; shoti, yaani mbio, kilomita 19 na zaidi, iliwekwa akiba kwa dharura. Baada ya muda wa kwanza wa safari walisimama kukagua mikanda ya tumbo, kwa sababu farasi hujaza pumzi anapotandikwa na mkanda hulegea akishatoa. Kisha kuna vipande vya njia ambavyo kila mtu alishuka akamwongoza farasi wake kwa miguu. Kombania inayokwenda shoti kutwa nzima, kama kwenye sinema, ingekuwa kombania ya miguu kufikia kesho yake.

Adui wa kila siku alikuwa kidonda cha mgongo. Tandiko lao, aina ya McClellan, lilikuwa na uwazi mrefu katikati ili lisiguse uti wa mgongo na joto lipate pa kutokea. Chini yake ilikaa blanketi la sufu, na namna ya kuliweka ilikuwa sheria. Lilikung'utwa kwanza, likakunjwa tabaka 6, likawekwa mbele kidogo, juu ya mabega, kisha likavutwa taratibu kurudi nyuma ili nywele zote zilale upande mmoja. Halivutwi kwenda mbele hata siku moja; nywele zikisimama chini ya blanketi, ngozi inasuguliwa. Mkunjo mmoja, kijiti kimoja, punje moja ya changarawe, na baada ya kilomita 40 ngozi imevimba. Siku ya tatu imechubuka, na askari anatembea kwa miguu akimvuta farasi asiye na mzigo. Tukio hili unaweza kulionyesha kwa blanketi moja na kibao cha kuegemezea tandiko: sajini anapitisha kiganja chini ya blanketi la kijana mpya, anatoa kijiti, anamwonyesha bila neno, anamrudisha kuanza upya.

Na juu ya yote, maji. Farasi anayefanya kazi kwenye joto hunywa lita 40 kwa siku, pengine zaidi. Mwaka 1877, miaka mitatu kabla ya igizo lako, Kombania A chini ya Kapteni Nicholas Nolan ilipotea kwenye uwanda wa Llano Estacado. Walikaa saa 86 bila maji. Walifikia kunywa damu na mkojo wa farasi wao, na askari wanne walikufa. Watu hao hao, wale waliosalia, ndio unaowakuta Texas magharibi 1880. Ukielewa hilo utaelewa vita yenyewe.

Mwaka huo Victorio, kiongozi wa Waapache wa Chihenne, alikuwa anavuka na kurudi mpaka wa Mexico. Grierson aliona kumfukuza hakusaidii. Watu wake walijua milima na walibadilisha wanyama haraka. Akaacha kufukuza, akaweka askari kwenye chemchemi na mabwawa. Tarehe 30 Julai, Tinaja de las Palmas, yeye mwenyewe na kundi dogo sana, akiwemo mwanawe Robert, walijenga kuta za mawe juu ya kilima na kushikilia maji mpaka kombania nyingine zilipofika. Victorio akarudi nyuma, akavuka tena, na Grierson akamwahi kwenye Rattlesnake Springs baada ya safari ya kilomita 105 hivi kwa saa 21, akipitia njia nyingine nyuma ya milima ili asionekane. Tarehe 6 Agosti Waapache walizuiwa kufika kwenye maji. Victorio alirudi Mexico, na katikati ya Oktoba aliuawa Tres Castillos na wapiganaji wa Mexico walioongozwa na Joaquín Terrazas. Huna haja ya kubuni kilele, Mwalimu. Kilele chako ni watu wenye kiu waliokaa juu ya maji wakiwangoja watu wengine wenye kiu.

Hapo tunaingia kwenye swali la mwigizaji wako wa pili, na ninalichukulia kwa uzito wote. Yuko sahihi kwamba Waapache walionewa. Serikali iliwaahidi watu wa Victorio nchi yao ya Ojo Caliente, kisha mwaka 1877 ikawahamishia San Carlos, Arizona, mahali pa joto na maradhi, pamoja na makundi waliyokosana nayo. Walitoroka, wakarudi, wakatishiwa tena kupelekwa kule kule, na 1879 Victorio akaingia vitani. Hawakuwa kikosi cha wapiganaji peke yao. Walitembea na wake, watoto na wazee, na miongoni mwao alikuwa Lozen, dada yake Victorio, mpiganaji aliyeheshimiwa kwa kuhisi adui yuko upande gani. Askari wanaolinda chemchemi wanawanyima maji watoto pia. Usilifiche hilo.

Upande wa pili, askari hao walikuwa wakilinda nchi ambayo haikuwalinda wao. Kombania zao zilikuwa na makao Fort Concho, na mwanzoni mwa 1881 askari mmoja wa rejimenti hiyo aliuawa na mfugaji katika mji wa jirani, San Angelo. Muuaji aliachiwa huru. Katika kampeni hiyo ya 1880 alikuwepo Luteni Henry O. Flipper, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1856 na kuwa mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point, mwaka 1877. Mwaka uliofuata kampeni alishtakiwa Fort Davis kwa wizi wa fedha. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi, lakini ikamfukuza kwa "mwenendo usiomfaa ofisa". Jeshi lilibadilisha kumbukumbu yake mwaka 1976, na Rais Clinton akamsamehe 1999, miaka mingi baada ya kifo chake.

Una njia mbili kubwa. Ya kwanza ni igizo la sifa: ujasiri, nidhamu, watu waliodharauliwa wakathibitisha uwezo wao. Ni la kweli, ni rahisi kuliigiza, na watoto wataondoka na fahari. Udhaifu wake ni kwamba Waapache wanageuka vivuli vya kupigwa risasi. Ya pili ni igizo la chemchemi moja na makundi mawili, kila moja limefikishwa pale na serikali ile ile kwa njia tofauti. Ni gumu zaidi, linahitaji waigizaji wenye subira, na huwezi kulifanya kwa kubuni mila za Waapache kichwani. Mimi ningechagua la pili. Lakini ukichagua la kwanza, angalau mpe Victorio sentensi zake kuhusu Ojo Caliente, zisemwe kwa sauti ya kawaida ya mtu mzima, bila ngoma za sinema na bila Kiswahili cha kuvunjavunja.

Kuna mambo ambayo barua hii haiwezi kuyamaliza. Kwa sehemu za Waapache, nyimbo, sala, mavazi ya ibada, usiige ulichokiona kwenye picha; waandikie wenyewe kupitia ofisi zao za utamaduni, na usipopata jibu, acha sehemu hiyo nje. Kwa sare na majengo, walinzi wa hifadhi ya kihistoria ya Fort Davis na makumbusho ya Buffalo Soldiers ya Houston wamezoea maswali ya namna hii, nao ni bora kuliko wauzaji wa vitu vya kale. Ukiuziwa kifungo au beji "halisi ya Rejimenti ya 10", usilipe kabla mtu anayeshughulika na vitu hivyo hajaishika mkononi. Ukibadili mawazo ukataka farasi hai, hata mmoja, kaa na mtu anayewafundisha na daktari wa mifugo kabla ya mazoezi ya kwanza: farasi asiyezoea taa, makofi na sakafu ya mbao inayolia ni hatari kwa watoto wa mstari wa mbele. Na bunduki ziwe za mbao. Risasi za bandia hutoa moto na vipande kwenye mdomo wa bunduki, na kwa karibu zimewahi kuua. Kama ni lazima kuwe na mlio, utoke kwenye spika. Ukisisitiza kutumia silaha inayofyatuka kweli, hilo ni la polisi na la msimamizi wa silaha mwenye leseni, awepo ukumbini kila zoezi na kila onyesho.